Difu Isiyohitaji Kusimama

Kwenye njia yetu ya kliniki palikuwa na bonde moja ambalo gari lilinasa karibu kila Jumatano ya masika. Mimi nilikuwa dereva, na nilikuwa pia fundi wa gari hilo, kwa hiyo aibu ya kunasa niliiona kuwa yangu peke yangu. Leo nikikumbuka, ile haikuwa aibu hata kidogo. Aibu yenyewe ilikuja siku ambayo gari halikunasa.

Lilikuwa landrova kuukuu la paa la turubai, tulilolirithi kutoka serikali ya kikoloni pamoja na jengo la zahanati. Nilikuwa nimesoma sekondari Tabora mpaka darasa la kumi na mbili, na nyumbani kwetu Ujiji walitazamia niwe karani. Nilipochagua magari, baba yangu alianza kunitambulisha kwa wageni kama mtu wa afya, bila kutaja usukani. Huenda ndiyo sababu nilitaka sana kazi yangu ionekane ni ya akili. Nilivaa kaptura iliyopigwa pasi. Nilisoma vitabu vya ufundi kwa Kiingereza, na sikupenda mtu anicheke nikiwa kwenye usukani.

Kila Jumatano asubuhi tuliondoka Kigoma mjini, mimi na muuguzi, tukapandisha milima ya kaskazini, tukalala huko juu, na Alhamisi tukarudi. Vijiji vya ufukweni kama Kagunga havikuwa vyetu, kwa kuwa huko watu walihudumiwa kwa boti. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Ujiji kama mimi, ambaye babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo. Mimi nilimwita dada, yeye akaniita mdogo wangu, na vijijini kote alijulikana kama Mama Nesi. Alibeba mzani wa kupimia watoto, ule wa kuning'iniza, sanduku la sindano, dawa za malaria na maziwa ya unga.

Bondeni palikuwa na kijiji kipya cha ujamaa. Watu wake walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye miteremko ya ziwani, wakapangiwa viwanja kando ya barabara. Kijiji hicho hakikuwa kwenye ratiba ya kliniki kwa sababu ratiba ilipangwa kabla hakijakuwapo. Kituo chetu cha kwanza kilikuwa mbele sana, juu mlimani, mbali kwa mtu mwenye mtoto mgonjwa mgongoni. Lakini watu wa bondeni hawakuwa na shida na ratiba. Walijua gari litanasa.

Basi Jumatano walikuwa wakisubiri. Wanaume walikaa na majembe na magogo upande mmoja, akina mama na watoto upande wa pili, penye michikichi. Gari likizama, Mama Nesi aliteremka, akavua viatu, akaenda kuning'iniza mzani wake kwenye mti. Wanaume walipokuwa wakichimba na kusukuma, yeye alikuwa akipima, akichoma sindano, akigawa dawa. Mara nyingi tulimaliza kulikwamua gari yeye akiwa bado ana foleni, na hakuna aliyeharakisha. Kliniki ile haikuandikwa popote, na ilikuwa na watu wengi kuliko kliniki zote tatu za kwenye ratiba.

Kiongozi wa wasukumaji alikuwa mkulima mrefu, mwembamba, mwenye shamba la maharage juu ya barabara. Alijifanya mtani wangu tangu siku ya kwanza. Sijui kama kweli makabila yetu yana utani. Nadhani aliutunga tu, kwa sababu mtu hawezi kumsukumia mwenzake gari kila wiki bila kumcheka. Alisimama katikati ya barabara mbele ya gari, mikono yote miwili juu, na hakuna aliyeshika gogo mpaka alipomaliza maneno yake.

"Ushuru kwanza. Hapa ni forodhani."

"Sina kitu."

"Una Mama Nesi. Mwache yeye rehani, wewe nenda katafute."

"Mtanisukuma au hamsukumi?"

"Mtani, nikuulize jambo. Kati ya gari lako na mbuzi wangu, nani kasoma? Maana mbuzi akiona matope hupita pembeni."

Watu walicheka, Mama Nesi naye alicheka, na mimi nilicheka kwa mdomo tu. Mkewe, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimkemea kutoka kwenye michikichi: "Mwache Dereva wa watu, ana kazi." Kisha wakasukuma.

Siku moja tulimpakia mkubwa mmoja kutoka ofisi ya mkoa aliyetaka kuona vijiji vipya. Tukanasa. Mtani wangu akasimama mbele ya gari, akainua mikono, akamdai mkubwa ushuru. Yule bwana alikuwa muungwana. Aliteremka, akapoteza kiatu kimoja ndani ya tope, akacheka pamoja na watu. Lakini tuliporudi mjini alimwambia bwana mganga, aliyekuwa msimamizi wetu, kwamba ameona gari la serikali likisukumwa na wananchi kama mkokoteni. Bwana mganga akaniita.

"Hilo gari halina dawa?"

"Lipo tatizo la difu, bwana mkubwa. Dawa ipo."

"Basi ichague, unieleze."

Nilifurahi kupita kiasi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nichague kitu.

Nieleze kidogo, kwa asiyejua magari. Difu ni lile boga la chuma katikati ya ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma. Kazi yake ni kugawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ili kwenye kona gurudumu la nje liweze kukimbia kuliko la ndani. Ubaya wake ni kwamba nguvu hukimbilia penye urahisi. Gurudumu moja likiingia kwenye utelezi, hilo ndilo linalozunguka bure, na mwenzake aliyekanyaga ardhi ngumu anakaa kimya kama mgeni. Gari linanasa likiwa na mguu mmoja mzima. Dawa ni kuifunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, yatake yasitake.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mafundi wa malori ya mawese pale Ujiji. Wao waliifungua difu, wakazichomelea gia ndogo za ndani zikawa kitu kimoja milele. Hiyo niliikataa mara moja, na nilikuwa sahihi. Gari la namna hiyo halitaki kona, linakula matairi, na kwenye barabara iliyolala upande, matako yake huteleza kuelekea bondeni.

Ya pili ilikuwa difu ya kufunga kwa mkono. Ilikuwa na wenzo karibu na kiti cha dereva na waya mnene mpaka kwenye ekseli. Siku zote inakuwa difu ya kawaida, tulivu, na ukifika penye matope unavuta wenzo, inafunga. Bwana mganga alikuwa tayari kuiagiza Dar es Salaam ije kwa treni. Sharti lake ni moja: huwezi kuvuta wenzo ukiwa mbioni. Lazima usimame ukingoni mwa matope, au ukaribie kusimama, ili meno yakutane bila kuvunjika.

Ya tatu ilikuwa ile inayojifunga yenyewe. Mtaalamu mmoja wa kilimo, mgeni, alikuwa anafungasha kurudi kwao, na nyuma ya nyumba yake palikuwa na gari bovu lenye difu hiyo. Ekseli yake ilikuwa sawa na yetu. Aliniambia niichukue nikiitaka. Hiyo haina wenzo wala waya. Ukikanyaga mafuta inajifunga, ukikata kona inajiachia kwa kishindo. Dereva hafanyi chochote.

Kwa bwana mganga nilizisifu na kuzikosoa zote kwa haki. Nilimwambia ile ya tatu ina makelele kwenye kona na inazitesa shafti za magurudumu. Kisha nikaipendekeza. Nilisema ya mkono itachelewa kufika, na waya wake utakatika. Yote hayo yaliwezekana. Lakini sababu yangu, ambayo sikuitamka hata kwangu mwenyewe kwa maneno kamili, ilikuwa kwamba ile ya tatu haikuhitaji kusimama. Niliona akilini nikishuka bonde lile bila kupunguza mwendo, na yule mtani akibaki pembeni na gogo lake.

Niliifunga uani mwa zahanati. Niliinua nyuma ya gari kwa jeki, nikaliegemeza juu ya vigogo vya mninga, nikamwaga oili, nikachomoa shafti mbili, nikatoa boga zima na kuliweka juu ya gunia safi. Kazi ngumu ni kuhamisha gia kubwa ya krauni kutoka difu ya zamani kwenda mpya, kisha kuipanga na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ili meno yaumane inavyopasa. Yakibana sana yanaungua, yakilegea yanavunjika. Niliyapaka rangi nyeupe, nikayazungusha kwa mkono, nikatazama alama, nikatoa kipande chembamba cha bati, nikarudisha, nikazungusha tena. Mama Nesi alipita na beseni la vyombo, akainama kutazama.

"Mdogo wangu, unalizalisha au unalipasua?"

"Nalifunga, dada. Halitanasa tena."

"Hata pale bondeni?"

"Hasa pale."

Alilitua beseni chini. "Na watoto wangu wa bondeni nitawapimia wapi?"

"Tutasimama tu, dada. Kusimama ni kukanyaga breki."

Akaridhika, au akajifanya kuridhika.

Nililijaribu Katonga, ufukweni, pale samaki wanaposhushwa. Nilitia magurudumu ya upande mmoja ndani ya maji na mchanga mbichi, upande mwingine mkavu, nikakanyaga mafuta. Gari likatoka kama linavutwa na kamba. Nikarudia. Akina mama waliokuwa wakianika dagaa waliacha kazi, wakasimama kutazama. Nilipokata kona kurudi barabarani difu ikajiachia kwa mlio mkubwa, na mmoja wao akasema, "Linasaga mifupa hilo, nani atalipanda?" Sikujali. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa natabasamu peke yangu.

Jumatano ya kwanza ilinyesha mvua ya kutisha. Tulipofika bondeni hapakuwa na mtu barabarani, wote walikuwa ndani. Gari liliingia, likayumba, likapanda upande wa pili. Mama Nesi akasema tusimame. Nikamwambia kwenye mvua ile nani atatoka na mtoto, tutasimama kesho. Na kweli Alhamisi, jua likiwa limetoka, nilisimama, na mzani ukaning'inizwa. Wanaume wakaja kuchungulia chini ya gari. Mtani wangu alilala chali kabisa kwenye nyasi kuona nilichofanya.

"Umetunyang'anya kazi," alisema akiinuka.

"Mtapumzika."

"Kupumzika tutapumzika. Lakini mtani, zamani ulisimama kwa sababu ya tope. Sasa utasimama kwa sababu gani?"

Aliuliza kwa sauti ileile ya mzaha, lakini alikuwa hatabasamu, na watu kadhaa walikuwa wakisubiri jibu.

"Kwa sababu yenu," nilisema. "Jumatano nitasimama, hata bila tope."

Mkewe, akiwa pale na mtoto wao wa mwisho kiunoni, mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, akasema, "Mungu akubariki, baba."

Jumatano iliyofuata haikuwa na mvua, ila ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilipofika juu ya mteremko niliona lori limezama bondeni. Lilikuwa lori la ushirika, na dereva wake nilimfahamu vizuri. Huyo ndiye aliyekuwa akinisimulia kule stendi, mbele ya madereva wenzangu, kama mtu anayetembea na kijiji kizima kwa ajili ya kusukumwa. Alikuwa amesimama kando, suruali imekunjwa mpaka magotini, akifoka. Wanaume wa kijiji walikuwa nyuma ya lori. Upande wa kulia wa lori palikuwa na nafasi ya gari kupita, nyembamba, matope matupu.

Nasema ukweli kwamba nilikusudia kusimama. Nilikusudia kusimama ng'ambo, penye pakavu, baada ya kupita. Kwanza nilitaka yule mwenzangu anione.

Nikaingia na gia ya pili, mafuta sawasawa, bila kugusa klachi. Hapo mtani wangu akatoka nyuma ya lori, akakimbilia mbele yangu, akainua mikono yote miwili. Alikuwa peke yake. Hakuna aliyekuwa akicheka nyuma yake. Kando ya barabara mkewe alikuwa ameketi chini, kwenye tope, na mtoto amemlaza mapajani badala ya kumbeba. Niliyaona yote hayo. Mtu huona mengi kwa muda mfupi, na baadaye ana maisha mazima ya kuyatazama. Nilijiambia ni ushuru, ni mchezo wake wa kila siku. Nilijiambia nikisimama hapa katikati nitazama, mbele ya huyu wa lori, na difu yangu itakuwa hadithi ya stendi. Nikapiga honi. Mtani hakuondoka mpaka boneti ilipomkaribia kabisa. Tukatazamana. Kisha akaruka pembeni, na tope la magurudumu yangu likamfunika kifuani.

Dereva wa lori akapiga mluzi wa kustaajabu. Niliusikia vizuri.

Nilipofika ng'ambo, penye pakavu, mguu wangu ulikuwa bado kwenye mafuta. Mlima ulianzia pale pale, na gari lilikuwa linapanda vizuri sana.

"Simama," Mama Nesi alisema. "Yule mama ana mtoto."

"Wanatania, dada. Si unamjua yule."

"Mama yule hatanii. Simama."

"Tumechelewa. Tutasimama kesho."

Alinitazama. Akageuka nyuma kutazama kupitia turubai, lakini tulikwisha kupinda kona, difu ikagonga, na bonde likapotea. Kituo cha kwanza aliniambia tu nimshushie mzani.

Tuliporudi Alhamisi, watu walikuwa wamekaa nje ya nyumba ya mtani wangu, wanaume kwenye magogo, wanawake chini kwenye majani ya migomba. Sikuhitaji kuuliza. Mama Nesi aliteremka kabla sijazima injini.

Mtoto alikuwa amepata degedege alfajiri ya Jumatano. Kulikuwa na njia ya mkato ya kushuka ziwani, na asubuhi mtumbwi wa mashine ulichukua abiria kwenda mjini. Wangetoka alfajiri ile wangeuwahi, na hospitali wangefika kabla ya adhuhuri. Walishauriana mlangoni. Baba alisema waende ziwani. Mama alisema Dereva ameahidi kusimama, na Mama Nesi ana sindano, kwa nini mtoto apigwe na baridi ya majini. Wakakaa kando ya barabara kunisubiri. Nilipopita, baba alimchukua mtoto mikononi, akakimbia naye mpaka ufukweni, na mtumbwi ulikuwa umekwisha kuondoka. Jioni mvuvi mmoja alikubali kuwapeleka. Mtoto alifia majini, taa za mjini zikiwa zinaonekana.

Haya alinisimulia balozi wa nyumba kumi, mzee wa pale, tukiwa tumesimama karibu na gari. Alipomaliza aliniuliza kwa upole, "Kwani jana hamkuwaona?"

"Kioo kilikuwa kimejaa matope, mzee," nilisema.

Lilitoka lenyewe, jepesi kabisa. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda kuwaambia wengine. Niliona habari ya kioo ikitembea kutoka gogo hadi gogo, kisha ikapita kwa wanawake na kuingia ndani alimokuwa mama wa mtoto. Mama Nesi alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ameisikia. Yeye alikuwa amekaa kando yangu kwenye gari na alijua kioo kilikuwaje. Hakunisuta pale wala njiani. Tulipofika Kigoma aliniambia, "Mimi nilikuwa na mikono. Ningeweza kuukamata usukani." Nilitaka kumwambia kosa si lake, lakini nilijua neno litakalofuata baada ya hilo, nikanyamaza. Nilimwacha aende nyumbani Buzebazeba na mzigo ambao haukuwa wake.

Bwana mganga alinisikitikia. Kijiji cha bondeni akakiingiza kwenye ratiba, kituo rasmi, Jumatano asubuhi. Difu akaisifu kwenye taarifa yake. Nilimwomba niitoe, nikasema inazitesa shafti. Alinijibu kwamba gari halijawahi kwenda vizuri namna ile, na kwamba nisiwe mtu wa kubadili mawazo. Niliendelea kuiendesha miaka mingi, ikigonga kwenye kila kona.

Baada ya wiki kadhaa sikuweza tena kuuvumilia uongo wangu. Jumatano moja, Mama Nesi akiwa anapima, nilipanda shambani kwa mtani wangu. Alikuwa akipalilia maharage. Tangu msiba hakuwa akija barabarani.

"Mwakeye," nilisema, kwa Kiha, kama nilivyozoea kumsalimu nikimtania.

"Salama, Dereva." Alijibu kwa Kiswahili, na hakuinua kichwa.

"Nimekuja kusema jambo. Kile kioo."

"Kioo kimefanya nini?"

"Kilikuwa safi. Niliwaona."

Aliendelea mpaka mwisho wa tuta. Aling'oa magugu, akayakung'uta udongo, akayaweka kando. Kisha akakaa juu ya mpini wa jembe.

"Najua," alisema. "Tulitazamana."

"Sasa mbona uliacha watu waamini?"

"Wewe ulitaka nifanye nini? Nikupige?"

"Ungenipiga."

"Ningekupiga. Nilikuwa nimeazimia." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetaja kazi aliyoiahirisha. "Halafu mama yake aliposikia kioo kilikuwa kichafu, alilala. Hakuwa amelala tangu alfajiri ya Jumatano. Alikuwa anasema ni yeye aliyekataa twende ziwani, ni yeye aliyekuamini. Alipoambiwa hukuona, akasema basi ni Mungu. Akalala."

Nilichuchumaa kando ya tuta.

"Tuna watatu wengine," aliendelea. "Na ana mimba, hata kama bado haionekani. Akijua ulimwona pale chini na ukapita, hataleta mtoto kwenye gari lako tena. Atawaficha ndani mpaka wafe, mimi namjua. Kwa hiyo kioo kilikuwa kichafu."

"Nataka kumwomba msamaha."

"Unataka. Ukimwambia, wewe utashusha mzigo, ukishuka hapo unapanda gari unakwenda Kigoma. Mimi nitabaki naye." Akainuka, akashika jembe. "Usimwambie. Wala usinifuate tena huku shambani. Gari lisimame Jumatano, basi."

Sikumfuata tena, na gari nililisimamisha kila Jumatano. Nilikuwa nafika mapema, nazima injini, nafungua mlango wa nyuma, nauning'iniza mzani mimi mwenyewe. Yeye akipita barabarani alinisalimu kama mtu mzima anavyomsalimu mtumishi wa serikali, kwa heshima kamili.

Mama alikuja kliniki. Alikuja na mimba, akaja na mtoto mchanga, msichana, akaja naye kila mwezi. Niliwaona wale watatu wakikua na kwenda shule. Kila alipokuja aliniletea viazi vitamu vilivyochemshwa, vimefungwa kwenye jani la mgomba, bado vya moto. Mwanzoni nilijaribu kukataa. Alifikiri ninaona haya kwa sababu wao ni maskini, akaumia, nikapokea. Nilikula mbele yake, kwa sababu alipenda kuniona nikila.

Siku moja, yule msichana akiwa amekwisha kuota meno, alinipa nimshike wakati Mama Nesi anatengeneza mzani. Mtoto alikuwa mzito, amenenepa, akawa anavuta kitufe cha shati langu. Mama alikaa kwenye ngazi ya gari akitutazama.

"Baba," alisema, "nilikuwa nataka kukwambia siku nyingi. Watu wanasema hujawa mtu wa kucheka tangu ile habari. Usijitese. Kioo kikijaa tope, mtu ataona nini?"

Mama Nesi alikuwa karibu. Aliacha kufunga kamba ya mzani. Juu shambani nilimwona baba yake mtoto amesimama wima, ametuelekea, ingawa kwa umbali ule hakuweza kusikia.

"Asante, mama," nilisema.

"Unasikia? Usijitese."

"Nasikia."

Akanyoosha mikono, nikamrudishia mwanawe. Mama huyo na mumewe hawapo tena duniani, yeye alitangulia na mumewe akafuata, na Mama Nesi naye tulimzika Ujiji. Nimesubiri mpaka hakuna wa kuumizwa na maneno haya isipokuwa mimi. Msichana yule yu hai, ana wajukuu. Tukikutana sokoni huniamkia shikamoo babu kwa furaha, na huwaambia walio naye kwamba mzee huyu ndiye aliyekuwa akituletea kliniki. Mimi huitikia marahaba.